Tupeane uzoefu: miti tuliyopanda na wanafunzi iliishia wapi?

Mwalimu wa Kati
Ndugu zangu, leo nimepita kwenye shule niliyowahi kufundisha hapa Dodoma nikaona mistari ya mashimo matupu ambayo mbuzi wanalala ndani yake, nikakumbuka shangwe za siku ile watoto walipopanda. Kila Aprili mosi, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, miche huletwa kwa gari, mgeni rasmi hupanda mmoja, wanafunzi hupanda iliyobaki, na habari huishia hapo. Kwetu mvua ni za msimu mmoja, huanza Desemba na kukatika Aprili, kwa hiyo mche wa Aprili mosi hukutana na kiangazi kabla haujashika mizizi. Nilikohamia tunapanda Januari, mara shule zinapofunguliwa, na mijohoro na miarobaini imestahimili kuliko miti mingine yote. Waliopanda na watoto, semeni: nini kiliwashinda?

Kijana wa Babati
Mwalimu, umesema kweli tupu. Mbuzi na tarehe ndiyo maadui.

Binti Ufukweni
Mmenikumbusha jambo ambalo bado linaniuma. Hapa Tanga tulipeleka darasa la sita kupanda mikoko. Walioongoza zoezi walichagua tope la mbele kabisa, linalotazamana na bahari, kwa sababu palikuwa wazi na picha zingetoka vizuri. Watoto walichomeka machipukizi yale marefu kama penseli, moja moja, wakapima nafasi kwa hatua zao, wengine tope likiwafika magotini, na hakuna aliyelalamika. Lilipokuja bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, mawimbi yaliyang'oa karibu yote. Darasa liliporudi kutazama, watoto walikuwa wakiyaokota ufukweni na kuniuliza kama wanaweza kuyarudisha, nami nikakosa la kuwajibu. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akitengeneza wavu ndiye aliyetueleza kwamba mikoko ina aina zake: pale mbele ni mahali pa mlilana, mkoko wenyewe, huu wa machipukizi marefu, hukaa nyuma yake na kando ya vijito, na mkandaa na mchu hupatikana zaidi upande wa nchi kavu. Mzee huyo anaishi hatua chache kutoka shuleni, na hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Mkulima wa Njombe
Poleni. Huku kwetu mvua si tatizo. Ushauri wangu ni kwamba shule ipande misonobari na mikaratusi, kwa maana ikivunwa inanunua madawati. Mti usio na faida watoto hawautunzi.

Mlinzi wa Chemchemi
Kaka, kwa heshima yako, usiwashauri watu mikaratusi bila kuwaambia waipande wapi. Kijijini kwetu shule iliipanda bondeni, na chemchemi tuliyoitegemea ikapungua mpaka akina mama wakaanza kupanga foleni usiku. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka chanzo cha maji, na shughuli inayoweza kukiharibu hairuhusiwi ndani yake.

Mkulima wa Njombe
Sikusema bondeni. Nimesema shule ipande, na mlimani kuna nafasi tele.

Mama Wawili
Naomba mniwie radhi kwa kukatiza mabishano yenu. Mimi ni mzazi, Singida. Shule ya mwanangu iliamua kila mtoto awe na mti wake, na kila asubuhi aje na kidumu cha lita tano cha kuumwagilia, anayekuja mikono mitupu anachapwa. Kiangazi kilipokolea bomba la kijiji likakauka, watoto wakaanza kwenda mtoni kuchimba maji mchangani. Shimo lilikuwa limeshapita kimo cha mtu mzima. Mwanangu, darasa la nne, aliteremka na bakuli, ukingo ukaporomoka, mchanga ukamfukia mpaka shingoni. Wenzake walipiga mayowe, na kijana aliyekuwa akinywesha ng'ombe akaruka na kumfukua kwa mikono, akimkinga uso asije akavuta mchanga puani. Alitoka hai. Mimi napenda miti, na nyumbani kwangu ninayo, lakini nauliza: nani alikaa akapanga maji yatatoka wapi kabla ya kumkabidhi mtoto mche?

Binti Ufukweni
Dada yangu, nimesoma mwili ukinisisimka. Mtoto anaendeleaje?

Kijana wa Babati
Mungu mkubwa. Huyo mchunga ng'ombe alipewa hata asante?

Mama Wawili
Anaendelea vizuri, ila kisimani haendi. Kijana tulimpelekea mbuzi. Wazazi tulikwenda shuleni pamoja, agizo la vidumu likafutwa, na tukachangia mifereji ya bati ili maji ya paa yaingie kwenye tangi.

Mwalimu wa Kati
Mama, pole sana, na hilo la tangi lingetangulia miche kila mahali. Sisi tunatoboa kifuniko cha chupa ya plastiki kwa sindano, tunaikata kitako, tunaifukia kichwa chini kando ya mche, na maji yanadondoka polepole kwenye mizizi. Mti wa mtoto mmoja mmoja tumeuacha, kwa sababu ukikauka yeye ndiye anayelaumiwa, tena akimaliza darasa la saba unabaki yatima. Darasa zima lina mstari wake na linaukabidhi kwa wanaofuata.

Mlinzi wa Chemchemi
Hapo sikubaliani nawe, Mwalimu. Cha wote hakina mwenyewe. Binti yangu bado anapita kuutazama mti wake. Fimbo ndiyo iondolewe.

Mkulima wa Njombe
Hilo la fimbo tunakubaliana. Tena kagueni viriba, ile mifuko ya plastiki inayooteshewa miche. Nilifukua mche uliokauka katika shule jirani, nikakuta plastiki haijachanwa na mizizi imejizungusha ndani yake. Mwalimu asimame penye rundo la miche, na kila mtoto aonyeshe kiriba kitupu ndipo apewe mche mwingine.