Ripoti za migodi ziko wazi kwa wote: tuzifanyie nini?

Mwana Katuba
Jambo wandugu. Hapa Lubumbashi tunataka kutengeneza programu ndogo ya simu itakayomwonyesha mkaaji wa karibu na mgodi ni pesa ngapi za redevansi (malipo ya kampuni kwa serikali kwa madini inayouza) komuni ama sheferi (eneo la kichifu) yake ilipaswa kupata. Ripoti za ITIE (mpango wa uwazi wa mapato ya madini na mafuta) tunazo, lakini ni PDF ndefu sana. Tushike wapi kwanza?

Yaya wa Ruashi
Mushike hesabu kwanza. Sheria ya Migodi ya Kongo (Code minier) ya 2018, ibara ya 242, inagawa redevansi hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% ETD (serikali za mitaa zenye mamlaka yao), 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Shaba inalipa 3,5% ya thamani ghafi ya mauzo. Kobalti inalipa 10%, maana tangu mwisho wa 2018 inahesabiwa madini ya kimkakati. Basi shaba ya dola milioni 10 inazaa redevansi ya dola 350 000, na ETD inastahili 52 500.

Mtego uko hapa: teritwari (territoire, sehemu ya jimbo) si ETD. ETD ni mji, komuni, sekta na sheferi. Ramani nyingi za bure zinaishia kwenye teritwari, na mukizitumia hivyo mutamwahidi mtu pesa za jirani yake.

Fundi Kamalondo
Kuhusu PDF: Tabula, programu ya kutoa majedwali ndani ya PDF, inayatoa vizuri kama maandishi yanaweza kuchaguliwa. Kama ukurasa ni picha ya skana, haitoi kitu. Kwa kurasa mbili tatu, andikeni kwa mkono, ni haraka zaidi. Halafu muangalie namba. "350 000" yenye nafasi katikati, Excel inaweza kuichukua kama neno, na jumla inapungua bila onyo lolote. Kila safu mujumlishe na kulinganisha na jumla iliyochapwa kabla ya kuendelea.

Musiunganishe ripoti na ramani ya CAMI (ofisi ya serikali ya vibali vya migodi) kwa jina la kampuni, maana jina moja linaandikwa namna tatu. Tumieni namba ya kibali. Kibali kimoja kinaweza kukalia ETD mbili, hicho mukiwekee alama, musikigawe kwa kukisia. Na data za kabla ya 2015 zinasema "Katanga" tu, jimbo ambalo leo ni manne.

Yaya wa Ruashi
Nyongeza moja, na kwangu ni nzito: "ilipaswa kupata", "kampuni inasema ililipa" na "ETD inasema ilipokea" ziwe safu tatu mbalimbali. Mukizichanganya, kosa la kuchapa linageuka shutuma ya wizi.

Wengi vijijini wana simu ndogo, kwa hiyo fikirieni SMS. Nafasi ni herufi 160, lakini "ê" moja tu ya Kifaransa inaishusha hadi 70. Kiswahili hakina shida hiyo.

Mwana Katuba
Aksanti sana. Tunaanza na sheferi moja na mwaka mmoja, safu tatu. Jedwali likiwa tayari tutaliweka hapa mulikague kabla SMS ya kwanza haijatoka.