"cuda" na "cuda:0" ni kadi ileile, mbona PyTorch inasema si sawa?

mama_mahindi

Habari za jioni wakuu. Nina programu ya PyTorch (maktaba ya Python ya kujenga modeli za akili bandia) inayotambua magonjwa ya mahindi kwa picha za majani. Nimeipanga kama maktaba ndogo ili wenzangu kazini waitumie bila kugusa ya ndani. Ina klasi moja, Kitambuzi, na anayeitumia anataja kifaa cha kufanyia hesabu: "cpu" (prosesa ya kawaida), "cuda" (kadi ya michoro ya NVIDIA) au "mps" (ya Mac za Apple). Jina hilo nalipitisha kwenye torch.device, naliweka kwenye self.kifaa, halafu kabla ya kuipa modeli picha (x) nakagua:

`if x.device != self.kifaa: raise ValueError("picha iko kifaa kingine")`

Kwenye kompyuta ya mezani yenye kadi ya NVIDIA inakataa kila picha. Nikichapisha, x iko "cuda:0" na self.kifaa ni "cuda". Jamani, kadi yenyewe iko moja tu humo ndani!

La pili. Mwenzangu mmoja ana MacBook ya M2, mwingine amepewa seva yenye kadi za AMD. Nimeanza kuandika enum (orodha ya majina maalumu) yangu yenye NVIDIA, AMD, APPLE na CPU, na hizo if zimeshakuwa msitu. Niendelee nayo?

pwani_dev

Linganisha x.device.type na self.kifaa.type, kazi iendelee.

fundi_kadi

@pwani_dev hiyo itamvusha leo. Siku akipata mashine ya kadi mbili, picha ikiwa cuda:1 na modeli cuda:0, ukaguzi utapita vizuri kabisa, kisha PyTorch yenyewe imlipukie huko ndani: "Expected all tensors to be on the same device". Ukaguzi wa namna hiyo una faida gani?

Dada, torch.device ina vitu viwili: type na index. Ukiandika "cuda" peke yake, index ni None, maana yake "kadi yoyote inayotumika sasa hivi", na hiyo hubadilika mtu akiita torch.cuda.set_device. Tensa (jedwali la namba, kama picha yako x) iliyokwisha kukaa kwenye kadi haina utata huo, ina namba. Ndiyo maana haziwi sawa, na PyTorch haijakosea. Ukitaka jina lenye namba, tengeneza tensa tupu uiulize:

`self.kifaa = torch.empty(0, device=kifaa).device`

Hiyo inafanya kazi kwa zote, na kama kifaa hakipo utajua papo hapo badala ya kujua katikati ya kazi.

Ila mimi nisingetunza self.kifaa kabisa. Mtu akiita kitambuzi.to("cpu") baadaye, uzito wa modeli (namba ilizojifunza) utahama na self.kifaa itabaki inasema "cuda:0". Una vyanzo viwili vya habari moja, na kimoja kinadanganya. Uliza uzito wenyewe: next(self.parameters()).device. Halafu badala ya kukataa picha, ihamishe: x = x.to(kifaa). Ikiwa tayari iko pale, .to hairudishi nakala, inakurudishia tensa ileile, kwa hiyo hupotezi kitu.

Enum hiyo itupe. PyTorch iliyojengwa kwa ROCm (mfumo wa AMD wa kadi zake) huiita kadi ya AMD "cuda", hivyohivyo, na torch.cuda.is_available() inajibu True. Enum yako ingesema NVIDIA ukiwa umekaa mbele ya AMD. Ukilazimika kujua, torch.version.hip siyo None kwenye AMD. Lakini jiulize kwanza unataka kujua ili iweje. Mara nyingi swali halisi huwa "kifaa hiki kinaweza jambo fulani?", wala si "kimetengenezwa na nani?"

pwani_dev

Nimekubali kuhusu kadi mbili. Ila tangu toleo la 2.6 kuna torch.accelerator, hata majina haya hayahitajiki. torch.accelerator.current_accelerator() inakupa cuda, mps au xpu ya Intel kulingana na mashine.

fundi_kadi

Kweli, na kwa kuchagua kifaa cha kuanzia ndiyo njia safi. Tahadhari: anza na torch.accelerator.is_available(). Hiyo current_accelerator kwa kawaida inatazama PyTorch ilijengwa kwa ajili ya nini. Ukiweka PyTorch ya CUDA kwenye mashine isiyo na kadi, inaweza kukujibu "cuda" bila aibu.

mama_mahindi

Asanteni sana, enum imekwenda. Ya AMD imenishangaza. Sasa kwenye Mac imekuja nyingine: "Cannot convert a MPS Tensor to float64 dtype". Sijaandika float64 popote! Mstari unaolia ni huu:

`self.wastani = torch.from_numpy(np.array([0.485, 0.456, 0.406])).view(3, 1, 1)`

Baadaye naihamisha kwa .to(kifaa), natoa kwenye picha na kumalizia na .float().

fundi_kadi

Hujaiandika wewe, imeandikwa na NumPy. Desimali zake kwa kawaida ni float64 (za biti 64), na from_numpy haibadilishi. CUDA inazimeza, MPS haina float64 kabisa, na .float() yako inafika baada ya .to, imechelewa. Orodha ya Python ukiipa torch.tensor moja kwa moja inakuwa float32.

Kuna jingine hapo. Kitambuzi ni nn.Module (klasi ya msingi ya modeli za PyTorch)? Kama ndiyo, wastani uliowekwa kama sifa ya kawaida hauhami modeli ikihama. Usajili kama bafa (tensa inayohama pamoja na modeli):

`self.register_buffer("wastani", torch.tensor([0.485, 0.456, 0.406]).view(3, 1, 1), persistent=False)`

Hiyo persistent=False usiiache. Bila hiyo load_state_dict (inayoingiza uzito uliohifadhiwa) itatafuta "wastani" ndani ya mafaili yako ya zamani, isiione, igome.

Pia autocast (inayotumia desimali fupi ili kazi iende haraka), kama unaitumia, inataka type kama maandishi. Mpe kifaa.type, usimpe "cuda:0".

mama_mahindi

Mac imekubali. La mwisho, wakuu: faili la uzito lilihifadhiwa kwenye ile yenye NVIDIA, na mwenye Mac akilifungua anaambiwa CUDA haipo.

fundi_kadi

torch.load(faili, map_location="cpu"), kila mara, hata kwenye mashine yenye kadi. Pakia kwenye modeli, kisha .to(kifaa). Tensa zilizohifadhiwa zinakumbuka zilikotoka na hujaribu kurudi hukohuko, hata kama ni cuda:1 ambayo wewe huna.