Baa ya majasusi Estoril, kuna aliyefika?

Wakuu naenda Lisbon kikazi, jamaa kanambia nisikose baa ya Hotel Palácio pale Estoril, mji wa pwani jirani na Lisbon, eti majasusi walikuwa wanakunywa hapo enzi za vita, ni kweli au chai?

— Kweli kabisa mkuu. Ureno haikuegemea upande wowote Vita ya Pili, so Waingereza na Wajerumani walikuwa wanapishana mji huohuo. Dusko Popov, yule Mserbia aliyewazuga Wajerumani huku anaripoti London, alikaa hapo 1941, Ian Fleming, yule mwandishi wa James Bond, naye mwaka huohuo.

— Na kasino iko jirani tu, unavuka bustani.

— Panda treni stesheni ya Cais do Sodré pale Lisbon, teksi watakupiga. Kinywaji nacho bei imechangamka, agiza kimoja ukae nacho 😂