The Grapes of Wrath (1940): mwisho wa filamu unawaridhisha?

Msomaji wa Magomeni
Wakuu, habari za jioni. Nimeisoma tena The Grapes of Wrath ya John Steinbeck, kisha nikaiangalia ile filamu ya John Ford. Riwaya ilitoka 1939, filamu mwaka uliofuata tu, kwa hiyo walikuwa wanasimulia shida ambayo watu bado wanaiishi. Na inaonekana. Lile lori la akina Joad, wakulima wa Oklahoma waliofukuzwa kwenye ardhi yao, limesheheni magodoro, bibi na babu wamepakiwa humo humo, unaliangalia likikata barabara kuu ya Route 66 kwenda California na roho haikutulii.

Kinachonisumbua ni mwisho. Kitabuni, familia inafikia kwanza kwenye kambi ya serikali yenye maji, vyoo na kamati ya wakazi wenyewe. Kazi hakuna, njaa inawatoa, wanakwenda kuchuma mapichi chini ya walinzi wenye bunduki. Casy, mhubiri wa zamani waliyesafiri naye, anauawa, mtoto wao Tom anakimbia, mafuriko yanawafuata mpaka walipojibanza, binti yao Rose of Sharon anajifungua mtoto mfu. Ni kushuka tu. Ford na mwandishi wake, Nunnally Johnson, wakageuza: mapichi kwanza, kambi baadaye. Mafuriko hayapo kabisa. Tunaachwa na Mama Joad ndani ya lori, anasema wao ndio watu na hakuna wa kuwafuta. Maneno ya namna hiyo kitabuni yamo, ila yako katikati, kabla mabaya zaidi hayajawakuta. Naona hadithi imepewa faraja ambayo Steinbeck aliinyima kwa makusudi. Nyie mnaonaje?

Kiti cha Mbele
Mkuu, ule mwisho wa kitabu ungepitaje? Rose of Sharon ndani ya ghala, anamnyonyesha mwanamume asiyemjua anayekufa kwa njaa! Hollywood ilikuwa imebanwa na kanuni zake za maadili tangu 1934, hata kitanda cha mke na mume kilikuwa mjadala.

Halafu hasira ya kitabu haikupotea. Rudia pale Muley, jirani wa akina Joad, anaposimulia alivyofukuzwa. Anataka kujua nani anamnyang'anya ardhi. Anaambiwa kampuni. Kampuni nayo inasikiliza benki ya Tulsa, na meneja wa benki naye anaagizwa kutoka mashariki. Kijana wa Muley anauliza, sasa wampige nani risasi? Dereva wa tingatinga ni mtoto wa jirani yao, analipwa dola 3 kwa siku na ana watoto wa kulisha. Nyumba ikishabomolewa, kamera inainama chini: vivuli vya familia vimelala mchangani, na alama za minyororo ya tingatinga zimepita juu yake. Mpiga picha Gregg Toland ndiye aliyeipiga hiyo, mwaka mmoja kabla ya filamu yake nyingine maarufu, Citizen Kane. Sijaona hotuba ya kushinda picha ile.

Dada wa Chumbageni
Mimi niliiangalia na mama mkwe, Kiingereza hajui, nikawa namtafsiria. Tulipofika usiku wa kuhama nikanyamaza, hapakuwa na cha kutafsiri. Mama Joad yuko peke yake, anapekua kisanduku: barua, kile kipande cha gazeti kuhusu kifungo cha Tom, kijimbwa cha kauri cha ukumbusho wa maonyesho ya St. Louis ya 1904. Vingine anavitia motoni. Halafu anachukua hereni, anaziweka masikioni na kujitazama kwenye kioo. Mama mkwe akasema, "Huyo alikuwa msichana mzuri." Basi, hakuongeza neno.

Kitabuni sehemu hiyo inapita haraka. Jane Darwell kaipa uzito wake, na Oscar aliyopewa ilikuwa haki yake. Kwangu mimi mwanamke aliyejitazama vile ana haki ya kusema yale maneno ya mwisho ndani ya lori. Si faraja, ni ubishi.

Msomaji wa Magomeni
Dada, hapo kwenye ubishi nimekuelewa, na hereni zile ni kati ya vitu bora kabisa vya filamu hii. Kiti cha Mbele, kanuni nazijua, wala sidai wangeonyesha ile ya ghalani. Nadai mpangilio. Hakuna kanuni iliyowalazimisha kuiweka kambi mwisho. Wangeweza kumaliza kwenye boma la mapichi, Tom akiaga usiku, ingetosha na ingepita.

Na yuko mtu ambaye huo mgeuzo umemfuta. Mume wake, Connie, akishatoroka, Rose of Sharon kwenye filamu anabaki abiria tu. Mimba yake ipo, tunaiona, halafu lori linaondoka kutafuta siku 20 za kazi ya pamba Fresno na hatujui atajifungulia wapi. Steinbeck alimkabidhi binti huyu ukurasa wa mwisho wa kitabu kizima. Ford hata sentensi ya kumuaga hakumpa.

Kiti cha Mbele
Hilo la Rose of Sharon sina jibu nalo, mkuu. Leo usiku naiangalia tena nikimfuata yeye tu.