Nani alimruhusu aguse skopu (darubini ya kulengea) ya bunduki yangu?!

Lenga Chini (mleta uzi):

Wakuu, nimetoka uwanja wa shabaha sasa hivi, hata bunduki sijaifuta, nina hasira ya kutafuna skrubu. Ni yule bwana. Simtaji, hakuna haja. Kila aliyewahi kuweka bunduki ya .22 (ile ya risasi ndogo) mezani anamjua. Ukifungua begi tu keshafika, keshavuta kiti, keshakuwa mwalimu.

Nimefyatua risasi moja. MOJA! Mita 25, imeingia kama sentimita 3 chini ya nukta. Nikafungua bolti (komeo la bunduki) nitie ya pili, maana risasi moja haisemi kitu, unapiga tano kwanza ndipo unatafuta katikati ya matundu. Kabla sijatia, mkono huo! Kafungua kifuniko cha nobu ya juu ya skopu YANGU, ile inayozungushwa kliki kwa kliki kupandisha au kushusha tundu, anahesabu kwa sauti meza zote zisikie: "Kliki moja robo inchi, tano zinamtosha huyu."

Robo inchi ni kwenye yadi 100, bwana mkubwa! Kwenye mita 25 kliki hiyohiyo haifiki hata milimita 2. Sentimita 3 zilitaka kliki kama 17. Katia tano, nikapiga, tundu likapanda kidogo tu, hata sentimita halikumaliza. Hapo akageukia watu akatangaza: "Skopu imekufa hii, ni pambo." PAMBO! Kisha, wakuu, akaishika ile nobu akaizungusha MPAKA IKAGOTA. Nilizisikia kliki zangu zote zikipita trrrrrr hadi mwisho wa dunia.

Skopu nimeifunga mwenyewe kwa utaratibu. Pete zinazoishika nimezikaza kidogokidogo, upande huu na upande ule. Msalaba wa kulengea ndani yake nimeusimamisha wima. Nimetoa bolti, nikachungulia ndani ya mtutu hadi tundu la mtutu na msalaba vikatazama sehemu moja. Mtu anakuja anazungusha mpaka inagota, mbele za watu, kisha anaondoka anapiga mluzi. Mluzi!

Ganda Tupu:

Hahaha, hata hujamtaja nimeshamwona usoni. Kwangu alilamba kidole akapima upepo. Tulikuwa ndani ya ukumbi.

Mkono Mtulivu:

Pole mkuu. Ila swali dogo: wewe ulikuwa umefungwa kamba? Mtu anazungusha nobu kliki mia na kitu, wewe unasikiliza trrrrrr?

Lenga Chini:

Nilikuwa nimeishika bunduki! Bolti wazi, mtutu umeelekea kwenye shabaha, ulitaka niiachie nimkamate shati? Bunduki haiachiwi hovyo. Yeye ndiye aliyepitisha mkono juu ya silaha ya mtu bila ruhusa, na akazungusha mpaka ikagota.

Fundi wa Pete:

La mkono kupita juu ya silaha ya mwenzio ungemwita msimamizi palepale, hilo halina mjadala. Sasa tuje kwenye skopu. Hesabu kliki kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, rudi nusu yake, utakuwa umeirudisha katikati. Piga tano, sogeza, piga tano tena. Kama kliki 17 zinasogeza kundi la matundu karibu sentimita 3 kwenye mita 25, skopu yako nzima kabisa. Pia chora mstari wa penseli mrija wa skopu unapoingia kwenye pete. Mstari ukisogea baada ya boksi zima, pete zinateleza. Na usisahau skrubu mbili za chini zinazoshika mtutu kwenye mti (mwili wa mbao wa bunduki), watu wanalaumu skopu wakati mti wenyewe unacheza.

Lenga Chini:

Skrubu zimekaza! Nobu ILIKUWA katikati! Ndiyo maana nauma meno. Ilikuwa katikati hadi alipoizungusha ikagota.

Jicho Moja:

Mleta uzi tumekuelewa, imegota. Sasa sikilizeni mkasa wa kweli. Kaka yangu mkubwa kanifungia skopu ya bunduki kubwa kwenye .22 yangu. Paralaksi yake (umbali ambao msalaba hautembei ukisogeza jicho) imepangwa kwa yadi 100, mimi napiga 50. Nikisogeza jicho kidogo tu, msalaba unatembea juu ya shabaha kama nzi kwenye embe. Nikilalamika ananiambia nikaze shavu kwenye kitako. Shavu limeota sugu!

Nta Nyeusi:

Wewe una nafuu. Shemeji yangu anaegemeza MTUTU wenyewe juu ya mfuko wa mchanga, si mti. Kila risasi mtutu unaruka kivyake, kundi linapanda, yeye anashusha nobu. Akibadilisha mkao linashuka, anapandisha. Tangu nimjue hajamaliza kuziro (kupatanisha skopu na pale risasi inapotua). Na juzi kaazima bunduki yangu, kairudisha kaisafisha mtutu hadi unang'aa. Nani alimwomba?

Ganda Tupu:

Huyo apigwe marufuku. Mtutu wa .22 ukiutoa nta yote inayoachwa na risasi, risasi za mwanzo zinatawanyika hadi nta itande tena.

Mkono Mtulivu:

Huo ni uvivu mliovalisha suti. Bunduki chafu ni bunduki chafu. Masizi yakijaa kwenye chemba (pale risasi inapotiwa) risasi haikai sawasawa.

Ganda Tupu:

Nimesema MTUTU. Nani kataja chemba? Chemba safisha hata kila siku, ruksa.

Mkono Mtulivu:

Na chemba si sehemu ya mtutu? Au yako umeinunua kando?

Fundi wa Pete:

Kabla hamjashikana mashati: wengi wenu mnapima "uchafu wa mtutu" huku mnachanganya maboksi. Risasi ya polepole, chini ya kasi ya sauti, haitui mahali pamoja na ile ya mita 380 kwa sekunde. Hata nta inayopakwa juu yake si moja. Ukibadilisha boksi, piga kadhaa kwanza mtutu uzoee, ndipo uanze kuhesabu kundi.

Nta Nyeusi:

Mwambie shemeji yangu. Anachanganya maboksi matatu kwenye magazini moja, anasema risasi ni risasi.

Lenga Chini:

Jamani, turudi kwenye mada. Jumamosi yule bwana atakuwepo tena. Safari hii nataka nimwambie neno moja tu limkae. Nimwambieje?

Jicho Moja:

Muulize yeye mtutu anausafisha baada ya risasi ngapi.

Mkono Mtulivu:

Kila ukitoka uwanjani. Hakuna cha kuuliza hapo.

Ganda Tupu:

Kundi likianza kufunguka, si kabla!