Tupeane uzoefu: somo la OS (mifumo endeshi) chuoni lilikupelekaje?

#1 (mleta mada)

Habari za muda huu wakuu. Uzi huu ni wa wote mliopita au mnaopita kwenye somo la mifumo endeshi, lile la mwaka wa pili kwa wengi wetu. Sitaki madesa, madesa yapo kila grupu la WhatsApp, nataka mtusimulie ile siku kitu kilikuingia kichwani au kilikugomea kabisa.

Naanza mimi. Nipo Dar, mwaka wa tatu sasa. Mwaka jana UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ya OS nilikula sapu na nilikuwa nimepiga msuli haswa, masharti manne ya dedloki (kazi zinapongojana mpaka zote zinakwama) nayataja hata usingizini: kitu kisichotumika na wawili kwa wakati mmoja, kushika kimoja huku unangoja kingine, kutonyang'anywa ulichoshika, na kungojana kwa duara. Swali likaja na kipande cha kodi, thredi mbili (kazi mbili zinazoendeshwa pamoja ndani ya programu moja) na kufuli mbili (za kuzuia wawili wasiguse kitu kimoja kwa wakati mmoja), A na B, eleza kwa nini inakwama kisha uirekebishe bila kuongeza kufuli nyingine. Nikaandika masharti yangu manne nikajaza ukurasa mzima, na karibu maksi zote za swali zikaenda, maana nilichoandika ni kweli ila hakuna mtu aliyeniuliza hicho.

Likizo nikabaki geto, nikaweka Ubuntu (aina ya Linux) kwenye laptopu nikaiandika ile kodi ya mtihani mwenyewe. Thredi ya kwanza inashika A, inalala sekunde moja, inataka B. Ya pili inashika B, inalala sekunde moja, inataka A. Nikaiendesha, ikatoa mistari miwili "nimeshika A" "nimeshika B" halafu kimya. Kilichonishangaza ni feni. Mimi nilizoea programu ikikwama kwenye lupu isiyoisha feni inalia kama bodaboda inapanda mlima na abiria wawili, ila siku hiyo feni imetulia tuli. Nikafungua taminali ya pili nikapiga top, komandi ya kuonyesha nani anakula CPU, programu yangu inakula CPU asilimia 0.0. Hapo ndo nikaelewa neno "kungoja" kwenye lile desa maana yake nini, kerneli (kiini cha OS) imezilaza zote mbili, kila mmoja anasubiri mwenzake amuachie na mwenzake naye kalala anasubiri hivyo hivyo. Nikabadilisha mpangilio tu, thredi zote zianze kushika A ndo ziende B, ikapita. Sapu nikaivuka bila kukariri kitu. Haya karibuni.

#2

Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi kilichonifungua ni kaunta. Lecha wetu alituambia andikeni programu ya C, thredi mbili, kila moja iongeze namba moja ya pamoja mara milioni moja, jibu mnategemea nini? Darasa zima milioni mbili. Akasema nendeni mkaone. Nikapata milioni moja na laki moja na ushee, nikarudia nikapata namba nyingine, nikarudia nyingine tena. Nikahisi laptopu ina shida, nikaenda kwa roommate kwake vile vile.

Kumbe ule mstari mmoja wa kuongeza namba, kwa prosesa ni hatua tatu: soma thamani iliyoko kwenye memori, ongeza moja, rudisha. Mama yangu ana duka na daftari la mauzo, chukulia watu wawili wanaandika daftari lile lile, wote wamechungulia wakaona 50,000, kila mmoja ana mauzo ya 10,000, kila mmoja anaandika 60,000. Elfu kumi imepotea na hakuna aliyeiba. Nilivyoliona hivyo sijawahi kusahau tena.

Ila kuna sehemu ya pili ambayo wengi hawaambiwi. Siku ya kuwasilisha nikaikompaili na -O2, yaani kuiambia kompaila (programu inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine) iifanye iwe na kasi, ikatoa milioni mbili kamili, mara kumi mfululizo, nikajua nimepona. Lecha akaniuliza kufuli umeweka wapi? Sijaweka. Akanionyesha kwamba kompaila imeona lupu yangu inaongeza moja mara milioni, ikaifupisha ikawa kuongeza milioni kwa mara moja, kwa hiyo nafasi ya thredi kugongana imekuwa ndogo mno, lakini kosa lipo pale pale. Kosa la namna hiyo ndo linakuja kumlipua mteja usiku wa manane miezi sita mbele. Mpaka leo nikiona kodi ya thredi inafanya kazi vizuri siridhiki mpaka nione kufuli iko wapi.

#3

Wakuu mimi nipo mwaka wa pili ndo tumeanza wiki ya tatu, mpaka sasa ni slaidi tu, historia ya kompyuta na aina za OS. Nafuatilia uzi. #2 hiyo ya kaunta naomba uniambie naianzaje, laptopu yangu ina RAM 2GB.

#4

Mimi niko Nairobi, yetu tulipewa asaimenti ya kuandika shell, yaani ile programu inayokaa ikisubiri uandike komandi. Wazo lenyewe ni rahisi: unasoma alichoandika mtu, unaita fork unapata mtoto (nakala ya programu yako), mtoto anaita exec anageuka kuwa ile programu, mzazi anaita wait anangoja mtoto amalize. ls ikafanya kazi, ps ikafanya kazi, nikafurahi sana nikaita makomredi waje waone.

Halafu nikaongeza cd, komandi ya kuhama folda, nayo nikamwachia mtoto aifanye. Hakuna kitu. Haileti kosa, hailalamiki, lakini ukiuliza pwd (niko folda gani) bado uko pale pale. Siku mbili nzima nimekaa na hiyo kitu, nikibadilisha hii na ile. Usiku wa pili saa nane nikachora kwenye karatasi, mzazi hapa, mtoto pale, na kila mmoja nikamwandikia folda yake pembeni. Hapo nikaiona. Mtoto anahama folda, ni kweli anahama, lakini anahama yeye, kisha anakufa, na mzazi hakuwahi kutoka alipokuwa! Ndio maana cd lazima ifanywe na shell yenyewe, haiwezi kutumwa mtoto. Hakuna mwalimu angenieleza hiyo nikaielewa vile nilivyoielewa kwenye ile karatasi. Na wale wanaosahau wait, pigeni ps muone jinsi wale watoto waliokufa wanavyobaki kwenye orodha wameandikwa defunct, hawaondoki hadi mzazi awaulizie ama yeye mwenyewe afe.

#5

Naomba nitofautiane kidogo na mleta mada. Kufanya kwa mkono kwenye karatasi nako kuna faida yake, tusiwaambie wadogo zetu kila kitu ni laptopu.

Pepa yetu ilikuja na kubadilisha peji (vipande vya programu) kwenye memori, FIFO (iliyotangulia kuingia ndo inatangulia kutoka), mfuatano wa peji zinazoombwa ni 1 2 3 4 1 2 5 1 2 3 4 5, hesabu peji folti (mara ambazo peji inayoombwa haimo kwenye memori) ukiwa na fremu (nafasi za peji) 3, kisha fremu 4. Za tatu nikapata 9. Za nne nikapata 10. Nikasema haiwezekani, memori imeongezeka halafu makosa yameongezeka? Nikafuta nikaanza upya. 10. Nikafuta tena. Nimerudia mara tatu, dakika zinaenda, mwisho nikaandika 8 kwa sababu ndo namba iliyoonekana ina akili. Nikakosa lile swali na lililofuata sikulimaliza.

Kumbe 10 ndo jibu lenyewe, hiyo hali ina jina kabisa, inaitwa kwa jina la Belady, aliyeionyesha na wenzake mwaka 1969. FIFO inatoa peji iliyoingia mapema bila kujali kama inatumika, kwa hiyo ukiiongezea nafasi inaweza ikajikuta inatoa ile itakayohitajika sekunde hiyo hiyo. Fanyeni huo mfuatano kwa LRU (inatoa peji iliyokaa muda mrefu zaidi bila kutumika), mtapata 10 kwa fremu 3 na 8 kwa fremu 4, inashuka kama akili inavyotaka. Iliniuma kwa sababu mkono wangu ulikuwa sahihi na mimi nikaukataa.

#6

Sisi somo letu halikuwa na praktiko hata moja, mimi dada yenu nikaona bora nijisomee. Nikachukua xv6, mfumo mdogo uliotengenezwa MIT kwa ajili ya kufundishia, umefuata Unix toleo la 6 la mwaka 1975, kodi yake na maelezo vipo wazi bure mtandaoni. Nilipakua vyote maktaba kwa waifai ili nisile bando. Unauendesha ndani ya QEMU (programu inayoiga kompyuta), na uzuri wake ni mdogo kiasi kwamba unaweza kusoma kerneli yote ukaimaliza, Linux huwezi.

Kazi iliyonikalisha ni kuongeza sistimu koli (ombi la programu kwa kerneli) mpya inaitwa trace. Nikaandika kazi yake vizuri, ikakompaili, nikaiita, skrini ikaniandikia *3 trace: unknown sys call 22*. Nikaanza kufuatilia: programu inaweka namba 22, ile ya trace, kwenye rejista a7 (kihifadhi kidogo ndani ya prosesa), inaita ecall (amri ya kuiita kerneli), prosesa inahamia upande wa kerneli, kerneli inachukua ile namba inaenda kwenye jedwali kutafuta kazi yenye hiyo namba. Kwenye jedwali sikuwa nimeiongeza. Mstari mmoja. Nilivyouongeza ikaitika, nikatulia kwenye kiti kwa muda, kwa sababu miaka miwili nilikuwa naandika printf (ya kuandika kwenye skrini) bila kujua kwamba chini yake kuna safari yote hiyo. Mabinti mlioko kwenye hii fani na mnaambiwa kerneli ni ngumu, jamani ingieni, inasomeka.

#7

Mimi nimeshamaliza, nashika seva za kampuni moja hivi. Kwa wanaouliza hili somo lina kazi gani mtaani: usiku mmoja mfumo wote ukagoma, seva inasema diski imejaa. Napiga df -h, komandi ya kuonyesha nafasi ya diski, naona nusu ya diski iko wazi. Wenzangu wanafuta logi, wapi. Nikakumbuka lekcha ya mafaili, kwamba kila faili lazima liwe na inodi yake (rekodi inayotunza taarifa za faili), na kwenye mifumo ya faili kama ext4 idadi ya inodi inapangwa siku ya kuformati. Nikapiga df -i, inayohesabu inodi, asilimia 100 zimetumika. Kulikuwa na folda moja ya vifaili vidogo vidogo vya muda, mamilioni, hakuna aliyekuwa anavisafisha. Tukavifuta, mfumo ukaamka kabla hakujapambazuka.

#2

#3 mdogo wangu RAM 2GB inatosha kabisa, usiweke VirtualBox (ya kuendesha OS ndani ya OS nyingine) itakutesa, weka Debian nyepesi au hata bila dirisha la picha, unahitaji taminali na gcc (kompaila ya C) tu. Usitumie -O2. Andika kaunta, thredi mbili, milioni moja moja, endesha mara tano uandike namba zako kwenye daftari kabla hujaweka kufuli. Ukishaweka ipime na muda, utaona imekuwa nzito, na hilo nalo lifikirie.

#3

Asante kaka. Umeme ulikuwa umekatika ndo umerudi sasa hivi. Nimeendesha mara tano: 1,204,877, 1,061,390, 1,338,052, 1,117,645, 1,290,413. Hakuna hata moja iliyojirudia. Naweka kufuli sasa.