Kelele za mashine mitaani Mwanza: zipimwe getini au dirishani kwa jirani?

Wakuu salaam. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tunazo tangu 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Zimetenganisha makazi na viwanda, na usiku kiwango kinashuka. Kwenye karatasi tuko vizuri. Mitaani sasa: gereji, mashine ya kusaga na nyumba ya kupanga vinachangia ukuta, halafu anayekuja kupima anasimama getini saa nne asubuhi.

Msimamo wangu: ipimwe dirishani kwa anayelalamika, usiku, mashine ikiwa kazini.

Milima yetu ndiyo sababu. Ukuta wa tofali hukata kelele pale tu unapoziba njia kati ya mashine na sikio. Aliyejenga juu ya mawe kule Mabatini au Igogo anaichungulia jenereta kwa juu. Kwake huo ukuta ni sawa na haupo. Getini kipimo kinasoma vizuri, juu kule mtoto mchanga halali. Wa ufukweni nao wana lao, maana maji yaliyotulia hayamezi sauti kama nyasi zinavyomeza. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2009 kwa nchi za Ulaya, lilitaja desibeli 40 usiku, nje ya nyumba. Injini ya dizeli isiyo na sailensa hiyo 40 inaipita mbali.

Karibuni tujadili, matusi hapana.

Mwenye mashine, Nyakato: Mkuu, hapa nilifunga mashine pakiwa pori. Mmekuja kujenga wenyewe, leo mimi ndiye mkorofi. Umeme ukikatika mchana kutwa, mahindi ya watu nisage saa ngapi? Na grenda ya fundi mageti mbona hukuitaja?

Mleta mada: Grenda imo, ndugu yangu. Ila kutangulia hakukupi haki ya usiku wa mwenzako. Na sijasema ufunge.

Mdau wa Kirumba: Mimi nimepima kwa simu, ikasoma 71. Mtendaji akacheka.

Fundi mitambo: Alicheka kwa sababu simu haijahakikiwa, haiwezi kuwa ushahidi. Tuje kwenye kazi. Injini nyingi zimefungwa boliti moja kwa moja kwenye zege lililoungana na msingi wa jirani, ndiyo maana vyombo vinatetemeka kabatini. Weka mpira mzito chini yake. Bomba la moshi ligeuze upande usio na nyumba, sailensa iliyotoboka itupe. Kuna nafasi? Sogeza. Kwenye uwazi, umbali ukizidi mara mbili kelele hushuka kama desibeli 6, kwa hiyo kutoka mita 5 hadi 10 si haba.

Mdau wa Kirumba: Sawa, lakini huyo afisa atakuja saa nane za usiku kwa gari la nani?

Mleta mada: Hapo umenibana. Labda malalamiko yakusanywe kwenye kata, halmashauri itoe usiku mmoja kwa mwezi, wapite nyumba zote kwa mkupuo, mwenyekiti wa mtaa akiwepo.

Mwenye mashine, Nyakato: Kwenye sailensa sibishi. Nipeni muda tu, mavuno yapite.